Faiba kwenye redio ya nyumbani maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia fulani kaweka faiba kwenye mfumo wake wa mziki wanadhani ni ule mkongo wa kampuni ya intaneti unaoingia sebuleni, na utasikia mtu anasema mbona hata mimi ninayo. Ile ni nyingine. Ule unaotoka nguzoni unaishia kwenye kile kiboksi cheupe ukutani, pale mwanga unageuzwa kuwa umeme, na kuanzia hapo kwenda rauta, swichi (kile kiboksi cha kugawa mtandao) mpaka strima yako ni waya wa shaba mtupu. Faiba ninayoizungumzia hapa ni kipande kifupi cha uzi wa kioo unaopitisha mwanga, cha ndani ya nyumba, mita moja, mita tatu, labda thelathini, kinawekwa kati ya swichi na strima ili hiyo safari ya mwisho isipite kwenye shaba. Basi, ndo hivyo tu.

Strima, kwa asiyeifahamu, ni kile kifaa kinachovuta nyimbo kutoka intaneti au kutoka kwenye kompyuta ulikohifadhi mziki wako na kuzipeleka kwenye DAC, na DAC ndo inageuza namba kuwa sauti, sauti inaenda amplifaya, amplifaya inasukuma spika.

Kwanza tuondoe suala la spidi maana hapo ndo watu wanapotea. Mziki wa ubora wa CD ni sampo (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, chaneli mbili, ukizidisha unapata kama megabiti 1.4 kwa sekunde. Hata ukienda kwenye yale mafaili makubwa ya biti 24 na kilohezi 192 ni megabiti 9 na kidogo. Kebo ya kawaida ya ethaneti inabeba megabiti 1,000 na haijatoka hata jasho, kwa hiyo mtu akikwambia faiba itafanya mziki upite haraka zaidi mwambie hapana, mziki ulikuwa unapita vizuri tangu mwanzo. Na data yenyewe haibadiliki. Kila pakiti kwenye ethaneti ina namba ya kuikagua, ikifika imeharibika inatupwa, na strima inaomba itumwe tena, inaweka akiba kwenye bafa, ndipo inapiga. Wimbo uliopita kwenye shaba na uliopita kwenye kioo ni uleule, biti kwa biti.

Tofauti iko kwenye kitu kinachosafiri pamoja na data bila kualikwa, nacho ni umeme.

Niwaelezee iliyonikuta mimi. Naishi Mwanza, rauta na kompyuta ya kuhifadhi mziki viko nyumba kubwa, redio iko chumba cha uani, katikati kama mita 22. Nilinunua kebo nene nzuri ya Cat7, ile yenye karatasi ya bati kuzunguka nyaya na plagi za chuma huku na huku, nikijua nzito ndo bora. Siku nachomeka tu spika zikaanza kuvuma, mmmm ya chini isiyokatika, haijalishi sauti ya volumu iko wapi, hata wimbo ukiwa umesimama. Nikabadilisha nyaya za spika, nikahamisha amplifaya, nikalala na hasira siku mbili. Siku ya tatu nikachomoa ile kebo ya mtandao nyuma ya strima kwa ajili ya kusafisha vumbi tu na chumba kikawa kimya kabisa, nikairudisha mvumo ukarudi. Nilichomeka na kuchomoa kama mara kumi nikiwa siamini.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Nyumba kubwa ina ethi yake na chumba cha uani kina ethi yake, na huku kwetu kwenye majabali kuzamisha fimbo ya ethi ni kazi ya kweli kweli, kwa hiyo hizo ethi mbili hazilingani hata kidogo, kati yao kuna volti kadhaa. Kompyuta ina plagi ya pini tatu, bodi lake limeungwa na ethi ya kule. Amplifaya nayo ina pini tatu, imeungwa na ethi ya huku. Mimi nikaja na kebo yenye bati nikaziunganisha hizo nyumba mbili kwa chuma, kutoka bodi la kompyuta, swichi ya bati, bati la kebo, bodi la strima, mpaka ule waya wa nje wa kebo za RCA, zile za kupeleka sauti, zinazoingia kwenye amplifaya. Umeme ukapata barabara. Na kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50, ndo ule mvumo wa chini unaousikia, amplifaya inaukuza kama inavyokuza wimbo kwa sababu kwake yote ni sauti.

Hapa inabidi niwe mkweli, dawa ya kwanza haikuwa faiba. Dawa ya kwanza ni kebo ya kawaida ya UTP, ya plagi za plastiki, isiyo na bati, bei ya soda mbili tatu kwa kipande kifupi. Kila mlango wa ethaneti una vitransfoma vidogo ndani yake ambavyo kazi yake ni kupitisha data bila kuunganisha umeme wa huku na wa kule, na vimetengenezwa vivumilie volti 1,500 kwenye majaribio. Ukitumia UTP vinafanya kazi yake, ukitumia kebo ya bati umevizunguka. Kwa hiyo kama redio yako inavuma na una kebo ya plagi za chuma, badilisha hiyo kwanza kabla hujatoa hela nyingine yoyote. Mimi nilibadilisha na mvumo ukaisha.

Sasa mbona bado nikaweka faiba? Sababu mbili, moja kubwa, moja ndogo.

Kubwa ni radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na waya wa shaba wa mita 22 uliovuka uani ni mwaliko. Radi sio lazima ipige nyumba yako, ikipiga jirani tu ardhi yenyewe inapanda volti kwa tofauti kubwa kati ya ethi na ethi, na ule wimbi unapita kwenye kebo ya mtandao, na volti 1,500 za vile vitransfoma kwa radi sio kitu. Nimeshapoteza mlango wa ethaneti wa kompyuta hivyo, taa zake hazikuwaka tena. Kioo hakipitishi umeme. Ukiwa na faiba kati ya nyumba na nyumba, hiyo njia haipo tena. Ila angalia usinunue ile faiba ya nje yenye waya wa chuma wa kuishikilia ndani yake halafu ukaufunga huku na huku, utakuwa umeirudisha shaba kwa mlango wa nyuma. Na radi bado inaweza kuja kupitia waya wa umeme ukutani, hiyo faiba haihusiki nayo.

Ndogo ni kelele za masafa ya juu. Zile adapta nyepesi za rauta na swichi zinakata umeme mara maelfu kwa sekunde na zinavujisha kidogo. Vitransfoma vinazuia hezi 50 vizuri lakini kelele za juu zaidi zinaruka kidogo kutoka koili moja kwenda nyingine. Je zinafika kwenye sauti? DAC iliyotengenezwa vizuri inazizuia, na kwenye mifumo mingi hutasikia tofauti yoyote. Mimi baada ya kuwa na UTP nzuri, nilipoweka faiba sikusikia pazia limefunguka wala nini, nilisikia redio yangu ileile. Naisema hivi wazi kwa sababu kuna watu wanauza visanduku kwa bei ya pikipiki kwa ahadi ya sauti mpya, na mtu wa mshahara wa kawaida anaamini.

Kuna faiba nyingine ya mziki ambayo wengi mnayo na hamjui, ule mlango wenye mwanga mwekundu nyuma ya TV na dekoda. Hiyo ni TOSLINK, Toshiba waliileta 1983, ni uzi wa plastiki wa milimita moja sio kioo, na haibebi mtandao, inabeba mziki moja kwa moja pamoja na mapigo yake ya saa, na kitu kikipotea njiani hakitumwi tena. Nayo inakata umeme vizuri tu. Tena kama mvumo wako unaingilia kati ya strima na DAC kupitia USB, jaribu hiyo kwanza, mara nyingi inatosha ingawa vifaa vingi vinaishia kilohezi 96 au 192.

Ukiamua kuweka ya mtandao, vifaa ni hivi. Unahitaji konveta mbili, yaani viboksi vya kugeuza umeme wa ethaneti kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, moja kila upande, au swichi yenye tundu la SFP upande mmoja na konveta upande wa redio, kama TP-Link MC220L ambayo unaichomekea moduli yake, kile kipande kidogo kinachoingia kwenye tundu la SFP na kutoa mwanga. Strima chache za bei, mfano Lumin X1, zina tundu la faiba zenyewe kwa hiyo konveta ya pili haihitajiki. Moduli lazima zifanane pande zote mbili: malti modi, ambayo kiini cha uzi wake ni mikromita 50 na mwanga wa nanomita 850, au singo modi, kiini mikromita 9 na nanomita 1310. Ukichanganya taa haiwaki. Nyumbani zote mbili zinafaa, usije ukachukua tu moduli za kilomita 80 eti ndo zenye nguvu, mwanga wake unazidi uwezo wa upande wa pili kupokea. Halafu soma karatasi ya konveta, baadhi zinaongea giga tu, na kuna strima zenye mlango wa mega 100, mtu anakaa siku nzima anadhani faiba imekatika kumbe vifaa havielewani. Na adapta ya ile konveta ya upande wa redio usiisahau, maana baada ya konveta kuna kipande cha shaba tena kinachoingia kwenye strima, na uchafu wa adapta yake unapita hapohapo.

Kuishika kwenyewe, uzi wa kioo pamoja na ganda lake ni mikromita 125, unakaribiana na unywele, kwa hiyo kidole kikigusa ncha yake mafuta ya ngozi yanatosha kuziba mwanga. Vile vikofia vya plastiki usivivue mpaka sekunde ya kuchomeka. Kona zake ziwe za mviringo kama mdomo wa kikombe, usiikunje. Na usichungulie ndani kuona kama mwanga upo, huo mwanga wa leza jicho haliuoni.

Ila kabla ya yote fanya jaribio ambalo halina gharama. Piga wimbo unaoujua, wenye sehemu tulivu, kaa karibu na spika, halafu mtu achomoe kebo ya mtandao nyuma ya strima. Strima nyingi zitaendelea kupiga kwa sekunde kadhaa au hata wimbo mzima kutoka kwenye bafa. Hapo hakuna shaba ya mtandao kabisa, umetengwa kuliko hata faiba inavyoweza kukutenga. Kama sauti haikubadilika, tayari unajua faiba ingekupa nini.