Bolti inayong'aa si lazima iwe na nguvu zaidi
Mafundi wengi huamini kwamba bolti iliyopakwa zinki, ile inayong'aa, ina nguvu kuliko nyeusi. Sivyo. Utando huo kwa kawaida ni mikroni chache tu, na zinki ni laini kuliko chuma. Kazi yake ni kuzuia kutu. Nguvu isome kwenye namba iliyo kichwani mwa bolti: 8.8, 10.9, 12.9; namba kubwa, nguvu zaidi. Nyingi za 12.9 huuzwa zikiwa nyeusi, na si kwa ubahili. Chuma kigumu hivyo kikipakwa zinki kwa umeme, gesi ya haidrojeni hupenya ndani yake na kukifanya kiwe rahisi kuvunjika. Bolti uliyoikaza leo ikakatika kesho, ghafla, bila hata kupinda. Ndiyo maana bolti ngumu zikishapakwa hivyo, viwandani huzioka kwa saa kadhaa, kwenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, gesi itoke.