Simbilisi anahitaji maji

Katika nyumba nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, simbilisi (kobayi) hufugwa jikoni bila chombo cha maji, kwa imani kwamba maji humwua na majani yanamtosha. Imani hiyo ina chanzo. Msimu wa mvua, majani mabichi yamejaa maji, kwa hiyo mnyama hunywa kidogo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, majani hukauka, naye akipewa pumba na maganda makavu tu, huumia. Anayeumia kwanza ni mama: maziwa hupungua na watoto hufa, kisha watu husingizia ugonjwa.

Kadiria mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zaidi kwa anayenyonyesha. Tumia bakuli zito la udongo, fupi, maana jepesi hupinduliwa. Lioshe na badilisha maji kila siku: kinachoua ni maji yaliyochafuka kwa kinyesi, na matandiko yaliyolowa.

Lakini maji hayachukui nafasi ya majani mabichi. Mwili wa simbilisi, sawa na wetu, hautengenezi vitamini C; huipata kwenye majani hayo. Mpe matembele kila siku, yaliyonyauka kidogo, kamwe yasiyo na rangi ya kijani.