Vidonge vya manjano: maswali kabla ya kufungua kopo

Manjano tumeyala tangu utotoni kwenye mchuzi. Iweje vidonge vyake viwe na hatari?

Kwa sababu kilichomo kwenye kopo si kile kilichomo kwenye sufuria. Kiini kinachotafutwa ndani ya manjano ni kurkumini, nayo ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa unga. Kijiko cha chai, gramu 3 hivi, kina miligramu 90 au karibu na hapo, na sufuria yenyewe inaliwa na watu watano. Kidonge kimoja kinaweza kubeba miligramu 500.

Halafu kuna piperini, ule ukali wa pilipili manga. Kurkumini peke yake hupita tumboni bila kufyonzwa sana, kwa hiyo watengenezaji huchanganya piperini. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa ufyonzwaji huongezeka kwa asilimia 2,000. Lebo hulitangaza hilo kama sifa. Mimi ndilo linalonitia wasiwasi, maana mzigo wote huo unafikia ini.

Kuna watu walioumia kweli?

Wapo. Mwaka 2022 Wizara ya Afya ya Italia, baada ya taarifa za watu waliopata homa ya ini, iliagiza lebo za bidhaa hizi ziwe na onyo. Marekani, madaktari walieleza habari za wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia manjano, mmoja akafariki. Saba kati yao walikuwa na jeni ya aina moja, ambayo mtu huwezi kuijua kwa kujitazama. Ukilinganisha na wanaomeza ni wachache, ila huwezi kujua mapema kama umo.

Mama ana miaka 67, magoti yanamtesa, na kopo ameshanunua. Ameze?

Usimkemee mama. Magoti ni mahali ambapo manjano yana ushahidi wa maana. Nchini Thailand, katika utafiti wa watu 367 uliochapishwa 2014, waliomeza miligramu 1,500 za manjano yaliyokamuliwa kila siku walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliomeza ibuprofeni, dawa ya maumivu, tena bila kuumwa tumbo sana. Lakini ilikuwa wiki 4 tu, na makopo mengi humezwa miezi.

Kwanza muulize anameza dawa gani nyingine. Kama ni warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari, au ana mawe kwenye nyongo, asianze kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na aende na kopo lenyewe mkononi.

Nitatambuaje tangazo la kweli?

Likisema “utafiti umethibitisha”, uliza: kwa panya au kwa watu? Wangapi, kwa muda gani, na kipimo kipi? Kisha tafuta namba ya usajili na uihakiki: Tanzania kwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Neno “asilia” halipimi kitu. Bangladesh, watafiti waligundua manjano yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae sokoni.

Dalili zipi zimfanye aache mara moja?

Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, macho kugeuka manjano, kuwashwa mwili, kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Aache siku hiyohiyo, aende hospitali, na aombe kupimwa ini.