Je, wajua kwa nini Rais wa Marekani haruhusiwi kuhama Ikulu na makaratasi yake?

Kwa karibu miaka 200 aliruhusiwa. Barua, taarifa za kijasusi, maandishi ya vikao, chochote alichoandika au kuandikiwa akiwa madarakani kilihesabiwa kuwa mali yake binafsi. George Washington alizipeleka nyaraka zake nyumbani Mount Vernon, na waliomfuata wakashika desturi hiyo. Hasara yake haifidiki. Mwaka 1886, Chester Arthur akiwa mahututi, aliagiza sehemu kubwa ya karatasi zake ichomwe moto. Robert, mwanawe Abraham Lincoln, alizishikilia za babake miaka mingi, kisha akazikabidhi Maktaba ya Bunge kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 tangu yeye mwenyewe afariki. Umma ulizifikia mwaka 1947, miaka 82 baada ya Lincoln kuuawa.

Aliyeivunja desturi hiyo, bila kukusudia, ni Richard Nixon. Alijiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate, yaani uvunjaji wa ofisi za chama pinzani na juhudi za Ikulu kuuficha, akiacha saa zipatazo 3,700 za mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri. Mwezi uliofuata alifikia makubaliano na ofisa mmoja wa serikali: nyaraka zibaki mali yake, na kanda ziharibiwe akifa au ifikapo Septemba 1984, lolote litakalotangulia. Yaani ushahidi wa kashfa kubwa kuliko zote za Ikulu hiyo ulikuwa umeshapangiwa tarehe ya kuteketezwa! Desemba hiyohiyo Bunge likapitisha sheria ya kuzitwaa. Nixon alikwenda mahakamani, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 7 dhidi ya 2.

Sheria ile ilimhusu Nixon peke yake. Kwa hiyo mwaka 1978 ikatungwa Sheria ya Nyaraka za Rais, ianze kutumika kwa utawala utakaoingia Januari 20, 1981. Kiini chake ni kwamba nyaraka za kazi ni mali ya taifa, na muhula ukiisha tu, zinahamia mikononi mwa Mkuu wa Nyaraka za Taifa. Miaka mitano baadaye wananchi wanaweza kuanza kuziomba, ingawa rais anaweza kuzifungia baadhi, kama za usalama wa taifa, hadi miaka 12.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja Rais Ronald Reagan alipokuwa akimwachia George H. W. Bush, yaani Bush baba. Maofisa wa Ikulu walikuwa wameanza kutumia barua pepe, na mpango ulikuwa kuzifuta kabla ya wageni kuingia. Watafiti na wanahabari wakakimbilia mahakamani, na jioni ya Januari 19, 1989, siku moja kabla ya Bush kuapishwa, jaji akatoa zuio. Serikali ilitaka zionekane kuwa ujumbe wa kupita tu, usio na hadhi ya nyaraka. Lakini katika kashfa ya Iran-Contra, ya kuiuzia Iran silaha kwa siri na kuwapa fedha waasi wa Nicaragua, maofisa wa usalama wa taifa wa Reagan, Oliver North na John Poindexter, walikuwa wamefuta maelfu ya barua pepe za aina hiyohiyo, na wachunguzi wakazipata kwenye kanda za akiba za kompyuta. Ujumbe wa kupita ndio uliobeba habari yenyewe.

Kasoro ya sheria hii ipo katika miaka minne au minane kabla ya makabidhiano. Rais aliye madarakani ndiye mtunzaji wa nyaraka zake. Akitaka kuharibu kitu, lazima aombe maoni ya Mkuu wa Nyaraka kwa maandishi. Mkuu huyo anaweza kulijulisha Bunge, ila hana uwezo wa kumzuia. Sheria yenyewe haikuweka adhabu ya jinai, na mahakama zimesita kusimamia yanayofanyika Ikulu siku hadi siku. Donald Trump alipokuwa akichanachana karatasi katika muhula wake wa kwanza, watumishi walikuwa wakikusanya vipande na kuviunganisha kwa selotepu. Januari 2022, mwaka mzima baada ya kuondoka, makasha 15 yalirudishwa kutoka kwake Mar-a-Lago.

Miswada ya kuziba mianya haijakosekana, ila inasuasua. Mwaka 2001 George W. Bush alitoa amri iliyowapa marais wastaafu, hata warithi wao, nguvu ya kuzuia nyaraka zisitolewe. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuitengua mwaka 2007 kwa kura 333 kwa 93, ukakwama Seneti. Obama aliifuta amri hiyo Januari 2009, lakini marekebisho ya sheria yalisainiwa mwaka 2014 tu. Mwaka 2017 mbunge Mike Quigley wa Illinois alipendekeza mitandao ya kijamii itajwe waziwazi katika sheria. Mswada wake haukupita.

Ulio na maana zaidi kwangu ni ule unaotaka Mkuu wa Nyaraka aweke viwango vya kutunza ujumbe wa kielektroniki Ikulu, kisha athibitishe kila mwaka kama vinafuatwa. Umerudishwa bungeni zaidi ya mara moja. Kwa sasa, ofisa akitumia akaunti yake binafsi kwa kazi ya serikali, anatakiwa kupeleka nakala kwenye akaunti rasmi ndani ya siku 20, na jambo zima linategemea uaminifu wake. Ukaguzi wa kila mwaka ungelibaini kosa wakati huyo ofisa bado yuko kazini na ujumbe bado umo ndani ya simu yake.