Ukingo wa washa unasema dai ikoje

Chukua washa yoyote ya bolti, hata zile za kupima kwa kilo pale Gerezani, Dar, iweke kwenye mwanga uangalie ukingo wake vizuri. Upande mmoja umejiviringa kidogo, ukishuka kuna mkanda unaong'aa, halafu sehemu ya kijivu iliyochanika, na mwisho kabisa vimeno vinavyokwaruza kidole. Pale panapong'aa panchi (chuma cha juu kinachoshuka kutoboa) ilikata kweli, pale pa kijivu chuma kilizidiwa kikapasuka chenyewe. Vimeno vikiwa virefu basi ama panchi ni butu ama mwanya kati yake na dai (chuma cha chini chenye tundu linalopokea panchi) umezidi, nakwambia hivyo hata kama dai yenyewe sijaiona.

Watu wakija karakana swali la kwanza ni presi (mashine inayosukuma panchi) ina nguvu ya tani ngapi. Tani sio ishu jamani! Tundu la milimita 20 kwenye shiti (bamba) ya unene wa milimita 2, chuma laini cha kawaida, piga mzingo mara unene mara uimara wa kukatika (mi naweka nyutoni 350 kwa milimita ya mraba) unapata kama tani 4 na nusu tu. Kazi iko kwenye mwanya kati ya panchi na dai, ambao kwa chuma hicho ni kama asilimia 5 hadi 10 ya unene kila upande, yaani hapo milimita 0.1 mpaka 0.2. Nyufa zinaanza juu kwenye makali ya panchi na chini kwenye makali ya dai, mwanya ukiwa sawa zinakutana katikati na kipande kinaachia kisafi, ukiubana mno hazikutani, chuma kinakatwa mara mbili na panchi inaisha mapema.

Na huo mwanya unautoa wapi? Ukitaka tundu la 20, panchi ndo iwe 20 kamili, dai unaipanua. Ukitaka kile kisahani kinachodondoka kiwe 20 basi dai ndo 20 na panchi unaipunguza. Mafundi wazuri tu wa leizi (mashine ya kuchonga chuma) wanakosea hapa, halafu lawama anapewa aliyeuza shiti.

Kuna ukataji wa usahihi zaidi, ule wa gia ndogo na vyuma vya kulaza siti za gari, ukingo unang'aa karibu unene wote. Kule mwanya ni kama asilimia 0.5, kwa shiti ya milimita 2 ni milimita 0.01, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Presi yake ina nguvu tatu, moja inabana shiti kwa kijino kinachozunguka umbo, moja inasukuma kipande kutokea chini, ya tatu ndo inakata.

Sasa umbo likiwa gumu, lina matundu, mikunjo, masikio, usiwaze kulipiga kwa mara moja. Mkanda wa shiti unatembea ndani ya dai hatua kwa hatua, kwanza matundu ya kuuongoza, halafu unapunguza pembeni, halafu unakunja, na kipande kinabaki kimeshikwa na mkanda mpaka hatua ya mwisho ndo kinakatwa. Tundu likikaa karibu na mkunjo litavutika liwe yai, hilo bora ulitoboe baada ya kukunja. Na chuma ukikikunja kinarudi kidogo, ukitaka nyuzi 90 unakunja kupitiliza, chuma cha pua (kile kisichoshika kutu) kinarudi zaidi, na jitahidi mkunjo ukatize mwelekeo ambao shiti ilivingirishwa kiwandani maana ukifuata mwelekeo huohuo nje panachanika.

Shiti yenyewe ipime kwa maikromita kila mzigo mpya, usiamini geji (namba ya unene) ya mdomo. Dai ipake grisi kabla hujafunga karakana, hewa ya bahari ya hapa Dar haina huruma na makali.

Bei ndo inawashtua wengi, kipande ni kidogo ila dai ni chuma kigumu kilichochomwa na kusagwa taratibu, na hiyo gharama inagawanywa kwa oda nzima. Ukiwa na vipande 30 usije kwangu, nenda kwa mwenye leza akukatie ukunje kwa mashine ya kawaida. Vikifika maelfu na vyote lazima vilingane, njoo na sampuli tuongee.