Kipimo cha kotisoli kwenye mkojo: kwa nini majibu hayafanani

Malalamiko yanayofika maabara kuhusu kipimo hiki karibu yote ni ya aina moja. Mgonjwa amepima mahali pamoja akaambiwa kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, imezidi, akapima kwingine akaambiwa ni ya kawaida, na sasa anataka kujua nani amekosea. Mara nyingi hakuna aliyekosea, na watu wanapoteza fedha kulinganisha namba zisizolinganishika.

Mashine nyingi hupima kwa kutumia kingamwili. Kingamwili hunasa kotisoli, lakini hunasa pia mabaki yake yaliyokwisha kuchakatwa na mwili, pamoja na baadhi ya dawa, hasa prednisoloni, dawa ya steroidi, yaani inayofanana na kotisoli. Spektrometri ya masi, njia inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, huitenganisha kotisoli na hayo mengine kwanza, ndipo ihesabu, kwa hiyo namba zake huwa ndogo na kikomo chake cha juu huwa kidogo vilevile. Maabara moja inaweza kuweka kikomo karibu na mikrogramu 50 kwa saa 24, nyingine karibu na 100. Namba 70 imezidi huku, kule haina tatizo. Tena wapo wanaoandika majibu kwa nanomoli, na mikrogramu 1 ya kotisoli ni takribani nanomoli 2.76. Soma jibu lako kwa kiwango kilichochapwa kwenye karatasi hiyohiyo, si kwa ulichokiona intaneti.

Krimu ya haidrokotisoni ni jambo jingine kabisa. Haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe, hakuna mashine itakayozitofautisha, na tone likiingia kwenye chombo jibu limeharibika. Hata hivyo, kwenye fomu, penye swali la dawa unazotumia, tunasoma "hakuna". Krimu ni dawa. Ya kuvuta kwa ajili ya pumu ni dawa. Sindano ya goti ni dawa. Ziandike zote, ila usiache dawa yoyote bila idhini ya daktari. Kuacha steroidi ghafla ni hatari.

Makosa mengi zaidi huanzia kwenye ukusanyaji. Siku ya kwanza ukiamka, kojoa chooni, usiukusanye mkojo huo, andika saa. Kuanzia hapo kila mkojo unaingia kwenye chombo, wa mchana na wa usiku, hata ule unaotoka ukienda haja kubwa. Kesho yake saa ileile kojoa mara ya mwisho, na huo unaingia. Chombo kikae kwenye baridi muda wote. Usimwage ziada, usilete kikombe kimoja ukadhani kinatosha.

Sampuli ikipokelewa tunapima ujazo wake, kisha kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo kwa kiasi karibu kilekile kila siku. Kreatinini ikiwa ndogo mno kulingana na mwili wa mgonjwa, tunajua mkojo haukukamilika. Hapo sampuli hukataliwa: sababu inaandikwa kwenye rejista pamoja na saa na jina la aliyearifiwa, jibu halitolewi, na mgonjwa huanza upya na chombo kipya. Kulalamika dirishani hakubadilishi hilo. Jibu la mkojo wa saa 15 lililoandikwa kama la saa 24 linaweza kumficha mgonjwa wa Cushing, ugonjwa wa kotisoli kuzidi mwilini, kwa miaka.

Hata ukikusanya kikamilifu, kiwango cha mtu yuleyule kinaweza kupishana kwa karibu nusu kati ya siku na siku. Ndiyo maana mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2008 unataka kipimo hiki kifanyike angalau mara mbili. Kunywa maji kupita lita 5 kwa siku hupandisha jibu, ujauzito pia. Figo zikichuja chini ya mililita 60 kwa dakika, jibu hushuka kwa uongo.

Wanaotafuta upungufu wa kotisoli hawahitaji mkojo. Huko daktari huanza na damu ya asubuhi, na akiona haja huongeza kipimo cha kuchochea tezi za adrenali kwa sindano. Ukipewa chombo cha saa 24 kwa sababu hiyo, muulize daktari kabla hujaanza kukusanya.