Pima plastiki ikiwa imelowa: uakisi wa taka za baharini

Plastiki inayoelea baharini huonwa na setelaiti ikiwa imelowa, imezama nusu, mara nyingine imeota mwani. Anayepima sampuli kavu peke yake anajaza kumbukumbu isiyofanana na bahari.

Natumia spektromita (kifaa kinachopima uakisi, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa, kwa kila urefu wa wimbi) ya nanomita 350 hadi 2500 na taa ya halojeni iliyoinamishwa nyuzi 45. Vyote viwashwe nusu saa kabla ya kazi. Kifaa kisipopata joto la kutosha, mchoro wa uakisi huruka pale sensa zinapopokezana, karibu na nanomita 1000 na 1800, na mruko huo hauhusiani kabisa na plastiki. Kibao cheupe cha kulinganishia hupimwa kwanza, kisha hurudiwa kila dakika kumi hivi. Fiba inayopokea mwanga, isiyo na lenzi, yenye uwanja wa kuona wa nyuzi 25, ikiwa sentimita 10 juu ya sampuli huona duara la sentimita 4.4; kipande kikiwa kidogo kuliko hapo, unapima na meza. Chini ya sampuli weka mpira mweusi usiong'aa, maana mfuko mwembamba hupitisha mwanga na kuchanganya uakisi wake na wa kilicho chini.

Polietilini na polipropilini huwa na mabonde ya ufyonzaji (pale mchoro unaposhuka kwa kuwa mwanga umefyonzwa) karibu na nanomita 1215 na 1732; PET, plastiki ya chupa za maji, hulionyesha lake karibu na 1660. Plastiki iliyotiwa weusi wa kaboni hufyonza karibu kila mahali, na mabonde yake huwa hafifu mno.

Sasa ilowanishe sampuli ileile, upime tena. Uakisi hushuka, hasa kwenye infraredi, ingawa mabonde hubaki. Izamishe milimita 5 tu, na bonde la 1732 linapotea: maji hapo hufyonza mwanga kwa nguvu, nao hupita ndani yake mara mbili, kwenda na kurudi. Ndiyo maana kina lazima kiandikwe kwa milimita. Neno "imezama" halimsaidii mtu.

Setelaiti za Sentinel-2 hazina bendi (ukanda wa mawimbi ya mwanga) ya 1732. Tegemeo ni bendi ya 842, yenye pikseli za mita 10. Taka zenye uakisi wa 0.40 zikifunika asilimia 5 ya pikseli, juu ya maji ya 0.02, jumla ni 0.039 pekee. Povu la mawimbi nalo hupandisha namba hiyohiyo, kwa hiyo pima povu, mbao na mwani kwa utaratibu uleule.